Kifua cha Elida

Rusimbi, Kigoma
12 Mei 2024

Mama Elida,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, kama zitabaki. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu Jumapili iliyopita ulinikatia simu nikiwa katikati ya sentensi. Nimefundisha darasa la nne miaka thelathini na mmoja. Watoto wa Kigoma wamenipigia miluzi, wameniwekea chaki kwenye chai, lakini hakuna aliyewahi kunikatia sentensi. Basi simu nimeizima na kuifungia kwenye mkebe wa biskuti. Barua haikatwi. Unaweza kuichana, ila najua utaisoma kwanza, maana udadisi wako naufahamu.

Gideon amenieleza, tena baada ya kumbana sana, kwamba mjukuu wangu alilazwa siku tatu mwezi wa nne kwa ajili ya pumu. Mwezi mzima mwanangu wa kumzaa ananificha, kwa sababu ulimwambia "mama ataleta mambo ya kijijini." Ebo! Mambo ya kijijini ndiyo yaliyomkuza huyo mwanaume unayempiga picha kila Krismasi.

Ati mtoto wa miaka tisa anatembea na pampu kwenye begi la shule. Pampu ni ya baiskeli, mkwe wangu. Mtoto hajazwi upepo. Kinachombana ni huo mji wenu. Gideon anasema malori yanapita mbele ya mlango wenu kutwa kucha, jirani anachoma mifuko ya plastiki kila jioni, na upande wa pili wanajenga ghorofa, saruji inaingia mpaka kwenye sahani. Halafu unashangaa mtoto hapumui! Hata panzi asingepumua hapo.

Pamoja na barua hii kondakta atakupa mfuko. Kuna mawese ya msimu huu: yapashe moto, umpake kifuani na mgongoni. Kuna asali. Kuna majani ya mkaratusi niliyoyakausha mwenyewe: yachemshe, umfunike mtoto shuka zito, avute mvuke mpaka jasho limtoke. Usinichekee ukiwa unasoma.

Shule zikifungwa mlete kwangu. Nipe mwezi mmoja tu. Asipopona, niite mchawi hadharani, maana faraghani unaniita tayari.

Salamu zimebaki kidogo. Mpe mtoto zote.

Mwalimu Eufrasia,
mama mzazi wa mumeo


Tabata, Dar es Salaam
31 Mei 2024

Shikamoo Mama,

Nimeandika shikamoo kwa sababu mama yangu alinifunza adabu. Hayo mengine yatakuja bila sukari.

Mawese yako yalimwagika ndani ya basi, yakaloanisha mizigo ya watu watatu, nikatukanwa stendi na mwanamke nisiyemjua. Majani niliyaweka nje ya geti. Mbuzi wa jirani aliyanusa, akageuka akaondoka. Mbuzi, Mama, anayekula makaratasi.

Mimi nina shahada. Nafanya kazi ofisi ya bima, nimezungukwa na watu wanaosoma. Sikukatii sentensi kwa ubaya, ila sina muda wa kumsikiliza mtu anayetaka kumchemsha mwanangu kama kiazi.

Gideon anakuletea Elida. Usijitape kwamba barua yako imeshinda. Daktari amesema ile saruji itamrudisha wodini, na mwisho wa mwezi wa sita ofisini kwetu likizo haitolewi hata kwa msiba. Gideon akishamwacha anaendelea Geita mgodini, kwa hiyo utabaki naye wewe. Naomba usome yafuatayo kama ulivyokuwa ukiwalazimisha watoto wa watu wasome.

Pampu ya bluu ni ya kufungua kifua akibanwa. Ya kahawia ni ya kila siku, mivuto miwili asubuhi na miwili jioni, hata akiwa mzima kabisa, kwa sababu inatuliza uvimbe ulio ndani ya njia za hewa. Akimaliza asukutue mdomo. Hapa kwangu hakosi hata siku moja. Asikae jikoni kwako kwenye kuni. Asilale chumba kimoja na dagaa wako. Asifukizwe, narudia, asifukizwe.

Katika begi kuna kikopo cha kijani. Ni virutubisho vya kisasa, vimepimwa maabara za nje, si majani ya kuokota njiani. Kijiko kimoja kwenye maziwa asubuhi. Usikiguse kwa mkono wenye mafuta.

Natumaini mwezi mmoja hautatosha kuniharibia mtoto.

Rahabu


Rusimbi
12 Juni 2024

Mama Elida,

Barua yako nimeisahihisha kwa wino mwekundu. Umepata sita kwa kumi. Alama nne nimekukata kwa majivuno.

Mtoto ni mzima. Alifika amepauka na mabega yamepanda juu, kama mtu anayesubiri kupigwa. Sasa anashuka na watoto wenzake mpaka Kibirizi kuangalia boti zikipakia, anapandisha kilima kwa miguu, anakula samaki mgebuka mzima na ugali wa muhogo na kuomba tena. Siku kumi hajakohoa. Hizo ndizo takwimu zangu, peleka ofisini kwenu wakazisome hao wasomi wanaokuzunguka.

Mapampu yako yamelala kabatini chini ya vitenge vyangu, ufunguo ninao mimi. Sitaki mtoto azoee kuishi kwa kifaa. Jioni namfukiza kidogo, nampaka mawese, analala fofofo. Najua umeandika "asifukizwe" mara mbili. Wewe uliambiwa usinikatie sentensi mara ngapi?

Kile kikopo nimekifungua, nimekionja. Loo! Ni majani makavu yaliyosagwa, Mama Elida. Majani! Tofauti yake na yangu ni kwamba yangu hayana picha ya Mzungu anayecheka. Uliyatupia mbuzi majani yangu ukaenda kununua ya kwako kwenye kopo. Kweli nyani haoni kundule. Nimewapa kuku, na wao hawajaongeza mayai.

Mjukuu wangu hana pumu. Ana Dar es Salaam.

Mwalimu Eufrasia


Tabata
18 Juni 2024

Mama,

Fungua kabati. Soma hayo maneno mawili kwanza, fanya, halafu ndiyo urudi kwenye barua.

Nimekupigia mara kumi na saba, simu imezimwa. Nimempigia wifi yangu Devota hapo Gungu, anajibu "mtoto yupo, anacheza," kwa sauti ya mtu aliyeelekezwa cha kusema. Nikimwomba anipe niongee na Elida, mara kalala, mara yuko kisimani. Nyumba yako ina bomba, Mama. Kisima cha nini?

Umeandika kwa furaha kwamba umemnyang'anya mtoto mgonjwa dawa yake na kuifungia chini ya vitenge. Umejivunia! Mwalimu wa miaka thelathini na mmoja! Ni nani aliyewaruhusu watu wa aina yako kushika chaki?

Kuna jambo Gideon alinieleza mwaka tuliooana, nikaapa sitalisema. Nalisema. Alikuwa na mdogo wake, Leonardi. Alikuwa na kifua kama cha Elida, na alikufia mikononi mwako kule Mwamgongo huku umeshika sufuria la majani. Mmoja ulishamzika. Hukutosheka?

Nipe mwanangu.

Rahabu


Kigoma
21 Juni 2024

Kwa Mama,

Shikamoo. Hapa asubuhi wanasalimiana kwa Kiha, wanasema mwakeye, na mimi naweza kujibu. Bibi hajui kama naandika. Barua nampa shangazi Devota, kesho anakuja Dar.

Mama, nililazwa. Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Bibi alinifukiza mchana kwa sababu kifua kilianza kulia kidogo. Chini ya shuka mvuke ukawa mwingi, nikashindwa kupumua, nikashindwa hata kumwita. Nikapiga teke sufuria. Bibi aliponifunua akapiga kelele. Ufunguo haukuonekana, akavunja kabati kwa mchi. Pampu ya bluu nikavuta mara nyingi lakini haikutosha. Tukapanda bodaboda, mimi katikati. Bibi hakuvaa viatu wala kitambaa kichwani, na watu wote wanamjua.

Hospitali waliniwekea kile kifuniko cha mvuke wa dawa usoni. Ule mvuke ni tofauti, hauunguzi. Nesi anaitwa Astérie. Aliuliza kama ya kahawia huwa navuta kila siku. Nikamwambia mama aliacha kunipa, tukaanza unga wa kijani, na tusiseme kwa watu kwa sababu mama ni balozi wa kile kikopo. Bibi alikuwa amekaa hapo hapo.

Nilitoka Jumatano. Sasa navuta ya kahawia asubuhi na jioni. Nesi ametoboa chupa ya maji ya nusu lita, naingiza pampu upande mmoja na mdomo upande mwingine, dawa haipotei.

Bibi ameniambia nisikwambie kwamba nililazwa. Wewe uliniambia nisimwambie bibi kuhusu pampu. Nimechoka kukumbuka nani asiambiwe nini.

Mwanao,
Elida


Rusimbi
24 Juni 2024

Rahabu,

Leo sikuiti mama wa mtu.

Barua yako imenikuta nimesimama uani na nimeisoma nimesimama hivyo hivyo mpaka mwisho. Uliyoandika juu ya Leonardi nitayajibu, kwa sababu hukuyajua, uliyaokota tu ukanipiga nayo.

Mwaka 1991 nilikuwa nafundisha Mwamgongo. Leonardi alikuwa na miaka saba. Kifua kilimbana Alhamisi, nikambeba zahanati. Walikuwa na vidonge vya homa na dawa ya macho. Hawakuwa na kitu kingine. Nikashuka ufukweni kutafuta boti ya Kigoma, ziwa limechafuka, nikawapigia magoti wavuvi, hakuna aliyethubutu. Nikarudi nyumbani nikachemsha majani, kwa sababu majani yalikuwepo. Alikufa Ijumaa adhuhuri, na ziwa limeshatulia. Tangu siku hiyo nikaidharau hospitali na kila kinachotoka huko. Kudharau kulinisaidia. Nisingedharau ningekaa kila siku najiuliza kama kulikuwa na dawa mahali fulani, kwenye kabati fulani, ambayo ingemfungua mwanangu.

Jumapili ya tarehe kumi na sita nilimfukiza Elida karibu nimuue. Ndivyo ilivyokuwa, sitaipamba. Nilimwona midomo imekuwa rangi ya majivu na nikamwona Leonardi. Nilimlazimisha Devota akudanganye. Nilikuwa nasubiri apone vizuri ndipo nikwambie, yaani nilikuwa mwoga. Niite mchawi, nilishakupa ruhusa.

Sasa nisikilize wewe.

Nesi wa wodini aliichukua pampu ya kahawia akaigeuza, akanionyesha kidirisha kidogo nyuma. Kina namba. Inahesabu mivuto iliyobaki, ikianzia mia mbili. Nikavaa miwani. Ilisomeka mia moja themanini na nne. Mia mbili toa mia moja themanini na nne, kumi na sita. Kumi na sita gawanya kwa mivuto minne ya siku, nne. Mimi sikumpa hata mmoja, kosa hilo ni langu na linajulikana. Lakini tangu atoke hospitali ya huko mwezi wa nne mpaka umpakize basi ni siku arobaini, Rahabu. Umempa siku nne.

"Hapa kwangu hakosi hata siku moja." Hayo ni maandishi yako, na shahada yako, na wino wako wa bluu.

Umenitupia maiti ya mwanangu usoni kwa sababu nilichemsha majani sehemu isiyo na dawa. Mimi sikuwa nayo. Ningetambaa juu ya maji kuifuata. Wewe ulikuwa nayo kwenye begi la shule, imelipiwa, imeandikwa jina la mtoto, ukamnywesha majani ya kopo. Nimekutana na wajinga wengi darasani na nikawapenda, maana mjinga anafundishika. Wewe sijui nikuweke fungu gani.

Mtoto anaendelea vizuri. Asali kwenye chai nesi ameruhusu. Mawese amesema hayadhuru wala hayatibu, Elida akipenda apakwe. Mvuke na moshi marufuku, na jiko la kuni nimelihamishia nyuma ya nyumba, mbali. Kikopo chako nilimweleza. Aliuliza kuku wanaendeleaje.

Eufrasia


Tabata
30 Juni 2024

Mama,

Devota alinipa barua ya Elida siku moja kabla ya yako. Kwa hiyo nilipofungua yako nilikuwa nimeshalia, nikadhani machozi yamekwisha.

Siku nne ni kweli. Siku ya tano dada mmoja wa ofisini alinipeleka semina, hoteli moja Sinza. Mwanaume mwenye suti akasema pampu ya kahawia inadumaza watoto na mtoto akiizoea hataiacha mpaka uzeeni. Sikumuuliza yeye ni daktari wa nini. Nilinunua makopo matatu. Wiki mbili Elida hakubanwa, na Jumamosi iliyofuata wakaniita mbele nitoe ushuhuda. Nikashika maikrofoni mbele ya watu mia mbili nikasema mwanangu alikuwa na pumu na sasa amepona. Walisimama wakapiga makofi. Kuna mama alinikumbatia, ana mtoto wa miaka mitano. Wakanipa cheo cha balozi.

Ningerudije kwenye pampu, Mama? Ningekuwa mwongo mbele ya watu wote wale. Nikaona bora niwe mwongo ndani ya nyumba tu. Akianza kukohoa nampa ya bluu chooni, mlango umefungwa, namwambia asiseme. Na wakati huo huo nakuandikia wewe barua za dharau kuhusu majani. Kila nilichokutukana nilikuwa najitukana, ila nilitaka wewe ndiye ukibebe.

Yule mama mwenye mtoto wa miaka mitano nimemtafuta siku tatu, namba aliyoniachia haipatikani. Silali vizuri kwa ajili yake.

Kuhusu Leonardi sina la kuandika. Nilichofanya hakina neno la heshima. Nisamehe ukiweza, usipoweza nitaelewa.

Nimeomba likizo nikanyimwa, kwa hiyo nakuja bila likizo. Nitapanda basi tarehe nane. Naomba tu kwamba nikifika tukae pamoja, tukubaliane kati yangu na wewe nani amsimamie dawa, na kwa utaratibu gani, ili yasitokee tena.

Mkweo,
Rahabu


Rusimbi
5 Julai 2024

Mkwe wangu,

Naiharakisha hii ikukute kabla hujapanda basi.

Msamaha usiuombe tena, wala mimi sitakuomba, maana tukianza tutashindana hata kwa hilo. Nakujua na najijua. Nimeiwasha simu. Ukipiga nitapokea, ukikata nitapiga mimi.

Hilo la kukaa mimi na wewe tukakubaliane nani amsimamie mtoto dawa limechelewa. Jana tulimrudisha kliniki. Kifua ni safi, nesi kamsikiliza mbele na nyuma, kamwambia apumue mpaka nikachoka mimi. Akafungua jalada akauliza aandike jina la nani kuwa msimamizi wa dawa. Nikajiweka sawa kwenye kiti nitaje langu, ila roho ikanisuta, nikasema, "Andika mama yake, anakuja wiki ijayo." Nilijiona mtu mwema kweli kweli.

Elida akasema, "Niandike mimi." Nesi akacheka, akamwambia wewe bado mdogo, mwenye umri wako husimamiwa na mtu mzima. Mtoto hakucheka. Akamwambia, "Wao wana ugomvi. Mimi nitajisimamia mwenyewe."

Nesi akanitazama. Akaandika jina la mtoto, chini yake akaandika la kwako na la kwangu, kwa herufi ndogo.

Asubuhi anaamka mwenyewe, anavuta mara mbili, anasukutua, anaweka alama kwenye daftari alilolichora mistari. Jioni vilevile. Haniiti nione, na nikisogea analifunika kwa mkono. Nimemwambia unakuja Jumatano. Ameniuliza kama tutagombania ndani au nje, ili ajue aweke wapi pampu zake.

Njoo salama.

Eufrasia